Mlango wa Chumba cha Taa

Mlango wa chumba cha taa ulikuwa haufungwi. Watu wa nyumba za mgodi walishauzoea, kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Kuku walitaga humo. Mbuzi wa mlinzi alizalia humo. Mlevi mmoja aliwahi kuingia humo mchana wa jua kali apumzike kidogo, akatoka mbio pombe yote imemtoka, na hadi leo hajasema alisikia nini. Kufuli lilining'inia kwenye pete yake likiota kutu, limeachama. Ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa mwanamke mmoja, umefungwa kwa kamba ya kiatu, na mwanamke huyo hakuwa ameutumia tangu binti yake alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Walimwita Mama Taa. Jina hilo alilipata kabla hajazaa, kwa sababu ya kazi yake.

Mgodi wenyewe ulikuwapo kabla yake. Baba yake alimsimulia kwamba walioanza kuchimba pale waliona mstari mweusi ubavuni mwa kilima, wakadhani ni jivu la moto wa zamani, mpaka mmoja alipotupa bonge lake kwenye jiko na jiko likakataa kuzimika. Wakaja watu na sururu na makarai. Baadaye ikaja reli, vikaja vitoroli vya chuma vya kubebea makaa ya mawe, zikajengwa safu za nyumba za matofali zinazofanana kama meno. Zilifanana kiasi kwamba wanaume waliotoka zamu wamechoka waliingia nyumba za wenzao, wakavua viatu, wakaomba chakula, na wakapewa. Nguo zilizoanikwa asubuhi nyeupe zilianuliwa jioni za kijivu. Mdomo wa mgodi ulikuwa chini ya kilima, mpana wa kupitisha toroli mbili, na njia yake iliteremka polepole kuelekea ndani. Makaa yalipokwisha chini ya kilima, njia ikapinda. Hakuna aliyetangaza imepinda kwenda wapi, lakini wanawake waliokuwa wakitwanga walianza kusikia sururu chini ya miguu yao, na hapo kila mtu akajua kwamba wanalala juu ya kazi ya waume zao.

Mama Taa aliajiriwa akiwa msichana aliyetoka shule. Msimamizi wa zamu alimtazama mikono, akaona haitetemeki, akamkabidhi chumba. Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, hatua chache kutoka kwenye mdomo wa mgodi, chenye dirisha dogo la kutolea taa na kulabu ukutani. Kazi yake ilikuwa kufuta vioo vya taa za kofia, kuchaji betri, kuangalia kama waya umechubuka, kumpa kila mchimbaji taa yake asubuhi na kuipokea jioni. Aliwajua kwa mikono, maana nyuso hazikumsaidia kitu: asubuhi walipanga foleni watu, jioni yakarudi meno na macho.

Kulikuwa na desturi moja ya pale kazini ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu wa mwisho kutoka chini ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kufunga siku. Alipita dirishani, akaweka taa yake, akasema: "Funga, mama." Maana yake: nimepita kila pembe, nyuma yangu hakuna mtu. Kabla ya neno hilo, mlango haufungwi, hata msimamizi mwenyewe apige magoti. Na neno halikuwa halali likitoka kwa mtu ambaye hakushuka.

Mtu wa mwisho karibu kila siku alikuwa yule yule. Kazi yake ilikuwa kukagua dari. Alitembea na fimbo ya chuma, akigonga mwamba juu ya vichwa vya wenzake, ko, ko, kisha akiinamisha kichwa kusikiliza. Kwa vile aligonga dari kama tabibu anavyogonga kifua cha mgonjwa, walimwita Daktari.

"Dari nzima huimba," alikuwa akisema. "Dari mbovu hukohoa."

Daktari ndiye aliyemwoa Mama Taa. Nyumbani aligonga kila kitu: fremu za milango, matikiti sokoni, ubao wa kitanda. Alimgonga mkewe mgongoni kwa kidole, akainamisha kichwa, akasema, "Huyu mzima, anaimba." Hakuwa mtu wa haraka. Kumtuma dukani kulikuwa ni kujitakia njaa.

Kazini alikuwa na mzaha wake. Alipanga foleni kama wengine, akapokea taa kwa mikono miwili kama mgeni. "Hapa mimi sina mke," alimwambia. "Nikiwa na mke hapa nitapewa taa ya kupendelewa, na wenzangu watanuna." Basi jioni, wenzake wote wakishaondoka, hakusema "Funga, mama" kama wanaume wengine. Aliegemea dirisha, akaangaza huku na huku kama mtu anayetongoza mke wa rafiki yake, akasema kwa sauti ya chini:

"Funga, shemeji."

Hakuna mwingine aliyewahi kulisikia neno hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mama Taa hakumwambia mtu. Kila ndoa ina kijineno chake ambacho kikitolewa nje kinanyauka. Akifunga, alimpa mumewe ufunguo auweke mfukoni, maana mfuko wa gauni lake la kazi ulikuwa umetoboka na kila siku alisema atauziba kesho. Wakatembea kwenda nyumbani, ufunguo ukilia mfukoni mwa Daktari. Asubuhi alimrudishia.

Asubuhi ile alimrudishia kama kawaida.

Jioni ile, wanaume walitoka wakikimbia, kisha upepo wa vumbi jeusi ukatoka nyuma yao kama mlima umepiga chafya. Sehemu ya chini ilikuwa imeanguka. Walitazamana nyuso, wakaitana, wakagundua kwamba aliyekosekana ni mmoja tu: alikuwa amewatanguliza wenzake, akabaki kusikiliza dari. Walifukua kwa zamu bila kupumzika mpaka wakakutana na maji, na maji hayafukuliwi.

Mama Taa alikaa dirishani, mtoto mgongoni. Msimamizi alikuja, kofia mkononi.

"Mama, funga ukapumzike."

"Wewe umetoka chini?"

Msimamizi akaigeuza kofia yake mkononi.

"Basi huna neno," alisema Mama Taa, kwa upole tu, kama anayemkumbusha mtu njia.

Upande ule wa mgodi uliachwa. Kazi ikaendelea upande mwingine kwa miaka kadhaa, na kila jioni kulikuwa na mtu mwingine wa mwisho aliyesema "Funga, mama," naye akajibu, "Asante, mwanangu. Bado mmoja." Akaurudisha mlango, akaweka jiwe. Wachimbaji hawakumcheka. Wengine waliiga: wakitoka, waligeuka na kuita gizani, "Tunatangulia, Daktari!" Halafu makaa yakawa membamba, wenye mgodi wakang'oa pampu na reli, wakaenda zao. Maji yakaachiwa yapande.

Hapo ndipo kugonga kulipoanza.

Mama Taa alikuwa jikoni anachambua mchele, saa za asubuhi, redio ya jirani ikiimba. Chini ya sakafu, karibu na jiko, akasikia: ko, ko. Kisha kimya. Kisha, mbele kidogo: ko, ko. Aliweka ungo chini, akalaza sikio sakafuni. Saruji ilikuwa baridi kuliko ilivyostahili, na ubaridi ule ulimwingia sikioni kama pumzi. Ko, ko. Kimya.

Kimya kile ndicho kilichomsimamisha nywele. Kugonga, hata mlango ukisukumwa na upepo unagonga. Lakini upepo haungoji jibu. Kile kilikuwa kimya cha mtu aliyeinamisha kichwa.

Akamwita wifi yake, dada wa Daktari, aliyekaa safu ya pili na ambaye hakuwahi kuja bila maneno. Wifi aliinama kwa taabu ya magoti, akasikiliza, akainuka uso umepauka. Lakini mdomo wake haukujua kupauka.

"Panya."

"Panya mwenye fimbo ya chuma?"

"Wifi, nikuulize. Hivi kaka yangu alioa mke au bawabu?"

"Alioa bawabu. Ndiyo maana nyumba yake haijaibiwa."

Wifi akacheka, kisha akalia, kisha akaomba chai.

Fundi wa maji alipoulizwa, alieleza vizuri kabisa. Maji yanapanda, alisema, yanasukuma hewa iliyonaswa. Nguzo za mbao zilizooza zinaelea na kugonga mwamba. Mama Taa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akampa maji ya kunywa. Maelezo yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba magogo yalikuwa yakifuata njia. Mwezi ule yaligonga chini ya jiko. Mwezi uliofuata yalikuwa uani, karibu na kamba ya nguo. Mvua zilipokwisha, yalikuwa chini ya barabara, yakielekea kwenye mdomo wa mgodi, hatua kwa hatua, bila kuruka hata mahali pamoja, jinsi mkagua dari anavyotoka kazini: hawezi kupita chini ya mwamba ambao hajausikiliza.

Mama Taa alielewa. Mumewe alikuwa njiani. Alikuwa tu, kama siku zote, hana haraka.

Lakini ardhi ilikuwa na haraka. Nyumba ya mwisho ya safu ya chini ilizama mchana kweupe. Sakafu ilishuka na masufuria yakiwa bado motoni, na mama mwenye nyumba aliponea mlangoni. Kuta za Mama Taa zilipata nyufa za kuingiza mkono. Wakubwa wakaamua: watu wahame, mdomo wa mgodi uzibwe kwa ukuta, chumba cha taa kibomolewe siku ukuta utakapokamilika. Watu wakafunga mizigo. Mmoja tu alikataa.

Binti yake alikuja kutoka alikoolewa. Alikuwa mshonaji nguo, mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono ya mama yake isiyotetemeka. Alikuta mama yake amehamishia kiti chumba cha taa, ameketi dirishani.

"Mama, chumba hiki wanakibomoa Ijumaa."

"Nimesikia."

"Na wewe ukiwa ndani?"

"Hawatanibomolea kichwani, ni watoto wa watu." Akampisha aketi. "Nitatoka akishatoka yeye. Amefika karibu na lile geti la zamani la kuingilia mgodini. Amebakiza kidogo."

"Baba alifariki, mama." Binti alilisema taratibu, kama anayechomoa pini kwenye nguo iliyovaliwa. "Nami simkumbuki hata sauti. Wewe ndiye niliye naye. Ardhi hii ikikumeza, mimi nitakuwa nimebaki na nani?"

Mama Taa alimshika mkono. Aliliona jambo lenyewe wazi, hakujidanganya. Akiondoka bila neno, atakuwa amemfungia mumewe mlango usoni wakati yuko hatua chache tu kuufikia. Akibaki, atamwachia mwanawe msiba wa pili palepale penye wa kwanza.

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa sukari, akaingilia. "Hebu tuseme ndiyo anakuja. Utajuaje ni yeye? Magogo nayo yanagonga."

"Atasema neno."

"'Funga, mama'? Hilo kila mtu analijua. Hata mimi nikibana pua nitakusemea."

"Ana lake," alisema Mama Taa, na hakuongeza.

Siku ya Ijumaa waashi walianza mapema. Mkuu wao alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye huruma iliyojificha nyuma ya ukali. Aliwaambia vijana wake kwamba mama yule aachwe akae, chumba kitabomolewa mwisho. Matofali yakapanda safu baada ya safu, yakiziba mdomo uliokuwa umewameza na kuwatapika wanaume wa mahali pale tangu enzi za baba zao. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yamefika karibu kabisa, meusi, yametulia, hayana hata povu. Mkuu wa waashi alitumbukiza mti mrefu mbele, njia inapoteremka, haukugusa chini. "Humo hata samaki hakai," alisema.

Ilipofika adhuhuri, ukuta ulikuwa umebakiza pengo moja juu, la kupitisha kichwa.

Mama Taa alikuwa dirishani, binti yake kando yake, wifi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kuku mmoja aliyekuwa akitagia pembeni alisimama ghafla, akaacha yai lake, akatoka nje bila kelele, akinyanyua miguu juu kama anayekanyaga maji.

Ko, ko.

Ilikuwa chini ya sakafu ya chumba cha taa. Kulabu zote ukutani zikatikisika kidogo, zikalia kama vikombe kwenye sinia. Kimya. Kisha ko, ko, mbele zaidi, chini ya ukuta wa chumba. Kimya. Kisha nje.

"Mama," binti alinong'ona.

"Nyamaza, usimharibie kusikiliza."

Kwenye mdomo wa mgodi kijana mmoja wa waashi, aliyekuwa amepanda juu kuziba pengo, aliganda mwiko mkononi. Wenzake waliokuwa wakitaniana chini wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Sasa sauti ilikuwa ndani ya ukuta wao. Ilianza safu ya chini kabisa, ambako maji yalikuwa yameshafunika. Ko, ko. Ikangoja. Ikapanda safu ya pili. Ko, ko. Ikahamia kushoto, ikarudi kulia, ikagonga kona zote mbili, haikuacha tofali. Mkuu wa waashi alisimama midomo wazi. Baadaye alisema kwamba katika kazi yake yote wakaguzi wengi wamemkagulia kuta, lakini hakuna aliyemkagulia namna ile, kutokea upande ule.

Na ukuta ulikuwa ukiimba. Kila mtu aliusikia, mwepesi na safi, kama bakuli la chuma. Ukuta mzima.

Mama Taa alikuwa ameshasimama. Alitembea hadi mdomo wa mgodi, akapanda juu ya rundo la matofali, na yule kijana akampisha akiteleza kushuka kwa makalio. Kutoka pengoni ilikuja pumzi baridi yenye harufu ya makaa yaliyolowa. Ndani kulikuwa na giza, na katika giza kulikuwa na mwanga mdogo wa manjano, ule wa taa ya kofia ambayo betri yake inaelekea kwisha. Kama ulikuwa juu ya maji au chini yake, hakuweza kusema.

Kugonga kukakoma.

Kisha binti, aliyekuwa amemfuata mama yake na kumshika gauni asianguke, aliuliza kwa sauti ya mtoto, sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia kwa miaka mingi:

"Mama, ni nani anayekuita shemeji?"

Mama Taa aliliegemea pengo kama mtu aliyekuwa akiegemea dirisha zamani, akaangaza huku na huku, na uso wake, wifi alisimulia baadaye, ulikuwa wa msichana aliyetoka shule.

"Nimesikia," aliuambia mwanga ule. "Umechelewa, lakini nimesikia. Taa baki nayo. Huko unahitaji kuonea."

Mwanga ukatulia kidogo, kisha ukazimika.

Alishuka. Alirudi chumba cha taa, akatoa kiti chake, akatoa na yai la yule kuku, akampa wifi yake ashike. Aliuvuta mlango. Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu. Binti yake akatoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya cherehani, akalidondoshea, na mama akaufungua ufunguo shingoni. Lilikataa, likakataa tena, kisha likakubali, na mlio wake ukafika hadi waashi walipokuwa.

"Funga kazi, wifi," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.

Binti alidhani wataondoka moja kwa moja. Lakini mama yake alipapasa gauni lake upande wa kulia, akaingiza mkono mfukoni, na vidole vikatokeza upande wa pili. Akatabasamu. Alirudi ukutani, akapanda tena juu ya matofali, akapitisha mkono pengoni hadi kwenye kiwiko, ufunguo ukiwa kwenye vidole, kisha akautoa mkono ukiwa mtupu.

Maji yalikuwa pale pale, chini ya mkono wake, yametulia. Waashi wote walitega sikio wasikie ufunguo ukitumbukia. Hawakusikia kitu. Walisikia tu, wakati mama na mwanawe wakiondoka na kiti chao, na kijana akipaka saruji kwenye tofali la mwisho, chuma kidogo kikilia taratibu ndani kabisa, mbali, kama kilicho mfukoni mwa mtu anayetembea.